Maumivu Yatakayorudi Kesho

Soma: Luka 13:10–17; Kumbukumbu la Torati 5:12–15; Isaya 1:5, 6; Isaya 58:6; Mathayo 23:4; Marko 15:23; Yakobo 5:14.

Chukulia kwamba ni Sabato asubuhi, saa 1:30. Mama mwenye umri wa miaka 60 na kitu ameshindwa kuinuka kitandani. Si ugonjwa mpya. Kiuno kimekuwa kikimsumbua tangu mvua za mwaka juzi, na hospitalini alikwisha kupimwa akaambiwa hakuna mfupa uliovunjika wala jambo la kufanyiwa upasuaji. Ni misuli iliyokaza, na umri nao. Jana, siku ya maandalio, aliteka ndoo 6 za maji, akapiga pasi nguo za wajukuu, akasugua sufuria, akapika chakula cha siku mbili. Leo kiuno kimefunga. Mwanawe amejifunza kuchua misuli, na hiyo ndiyo kazi inayompa riziki kuanzia Jumapili hadi Ijumaa. Mama anamwita: “Mwanangu, hebu nikande kidogo, angalau niweze kukaa kwenye benchi kanisani.” Kijana amesimama mlangoni, amevaa suti, Biblia na lesoni mkononi. Anajibu kwa upole, “Mama, hiyo ndiyo kazi yangu ya siku sita. Vumilia hadi jua lichwe, nitakukanda vizuri.”

Kijana huyu si mtu mbaya. Amekataa wateja wengi wa Jumamosi, na amepoteza fedha kwa ajili ya imani yake. Anampenda mama yake. Tena moyoni ana wazo la pili ambalo hakulitamka: hata nikimkanda sasa, kesho maumivu yatarudi. Katika hilo hajakosea. Yatarudi.

Basi kuna maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni la siku: je, ni halali kumpunguzia mtu maumivu siku ya Sabato wakati hayamuui na yanaweza kungoja? La pili ni la thamani: je, nafuu isiyodumu ni kitu gani mbele za Mungu? Madarasa mengi hulikimbilia swali la kwanza. Lakini jibu lake limo ndani ya la pili, na ndivyo Yesu mwenyewe alivyolishughulikia.

Soma Luka 13:10–17. Hoja ya mkuu wa sinagogi ina nguvu kuliko watu wanavyoipa. Mwanamke yule alikuwa amepinda mgongo kwa miaka 18. Ukihesabu, ni zaidi ya Sabato 900 alizoziishi akitazama chini. Hakuwa mahututi. Hakuna aliyemleta mbio kwa machela. Kama ameishi hivyo Sabato 900, kuna ubaya gani angoje saa chache zaidi, aponywe baada ya machweo, na heshima ya siku ihifadhiwe? Mkuu hakusema asiponywe. Alisema zipo siku sita. Kijana mlangoni kwa mama yake ametumia hoja ile ile, ila kwa sauti ya upole.

Sasa angalia jibu la Yesu, hasa kile ambacho hakukisema. Hakudai kwamba hali ya mwanamke ilikuwa ya dharura. Hakusema kwamba kwa kuwa yeye ni Masihi anaruhusiwa yasiyoruhusiwa kwa wengine. Aliwarudisha nyumbani kwao, zizini. Kila mmoja wao siku ya Sabato humfungua ng'ombe wake au punda wake na kumpeleka kunywa maji. Si mfano wa kubahatisha. Katika Kumbukumbu la Torati 5:14 ng'ombe na punda wametajwa kwa majina ndani ya amri ya Sabato yenyewe, miongoni mwa wanaopaswa kupumzika.

Ng'ombe aliyekunywa maji Sabato mchana atakuwa na kiu tena kabla ya Jumapili mchana. Maji hayaponyi kiu. Yanaiondoa kwa saa kadhaa tu. Hata hivyo hapakuwa na mfugaji Galilaya wala Uyahudi aliyesema, “Nisimnyweshe, maana kiu itarudi.” Yesu alikuwa amefanya uponyaji kamili, wa kudumu, na alipoutetea aliulinganisha na nafuu ya muda mfupi kabisa. Yaani nafuu ya muda ndiyo hatua ambayo kila mtu alikuwa amekwisha kuikubali, hata wapinzani wake. Kutoka hapo alipanda juu: kama hilo ni halali kwa mnyama, je, huyu binti wa Ibrahimu? Luka anatumia jamaa moja ya maneno, na Kiswahili kimeihifadhi vizuri: mwanamke anafunguliwa katika udhaifu wake, ng'ombe anafunguliwa zizini, na tena mwanamke ilipasa afunguliwe kifungo chake.

Walimu wa Kiyahudi waliolijadili jambo hili hawakuwa watu wasio na huruma, ingawa mara nyingi darasani husemwa hivyo. Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao uliokamilishwa yapata mwaka 200 B.K., ina sehemu nzima juu ya Sabato, na humo linatajwa hasa suala la mtu anayeumwa kiuno. Haruhusiwi kujipaka divai au siki, kwa kuwa hizo hupakwa kama dawa tu. Anaruhusiwa kujipaka mafuta, kwa kuwa watu hujipaka mafuta hata wakiwa wazima. Lakini si mafuta ya waridi, maana hayo ni ya matajiri. Watoto wa wafalme ndio wanaoweza kuyatumia, kwa sababu wao huyapaka hata siku za kawaida. Hapo Rabi Shimoni akaingilia kati akasema kwamba Waisraeli wote ni watoto wa wafalme. Mahali pengine katika sehemu hiyo hiyo inaruhusiwa kuupaka mwili mafuta na kuupapasa kwa mikono siku ya Sabato, ila si kwa nguvu za kuuchosha.

Mtu anaweza kutabasamu anaposoma habari za siki na waridi. Lakini watu hawa walikuwa wakihangaika na swali la kweli: jinsi ya kumhurumia anayeumwa bila kuigeuza siku takatifu kuwa siku ya soko. Wengi wao walianza na kilichomo mkononi, kwamba ni mafuta gani na hupakwa na nani. Rabi Shimoni alianza na aliyelala pale na kuuliza yeye ni mtoto wa nani. Yesu alipomwita mwanamke aliyepinda “binti wa Ibrahimu”, alisimama upande huo wa swali.

Hilo halifuti wasiwasi wote wa kijana wetu. Akifungua chumba chake siku ya Sabato, akaandika miadi, akapokea malipo, hiyo ni biashara, na biashara ina siku zake. Kumnywesha ng'ombe si sawa na kufungua kioski cha maji. Lakini mama aliyelala chumba cha pili si mteja, na mikono haibadiliki kuwa duka kwa sababu siku nyingine hufanya kazi dukani. Mpishi wa hoteli hawezi kumnyima mwanawe chakula siku ya Sabato kwa hoja kwamba kupakua ndiyo ajira yake.

Waadventista wana sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili, maana kazi ya mikono juu ya mwili unaouma ni sehemu ya historia yao. Taasisi ya kwanza ya afya ya kanisa ilifunguliwa Battle Creek, Michigan, mwaka 1866, na mwaka 1876 ikakabidhiwa kwa daktari kijana wa miaka 24, John Harvey Kellogg. Mwisho wa safari yake na kanisa ulikuwa wa huzuni, kwani mwaka 1907 aliondolewa katika ushirika, lakini aliyoyafundisha kuhusu maji na mikono yalienea mbali. Mwaka 1895 alitoa kitabu kiitwacho The Art of Massage, ambamo alipanga njia za kukanda: kugusa tu kwa mkono uliotulia, kupitisha kiganja polepole juu ya ngozi, kusugua, kukandakanda msuli kama unga, kutetemesha, kugongagonga kwa vidole au ubavu wa mkono, na kukunja na kunyoosha viungo. Inafaa kukumbuka kwamba mkono uliotulia aliuhesabu kuwa tiba. Alibuni pia mashine na viti vya kutikisa mwili. Mashine inaweza kugonga kwa kipimo kile kile kutwa nzima, ila haiwezi kuuliza, “Ni hapa, mama, au juu kidogo?”

Mikono hufanya nini hasa? Mtoto akijigonga goti hulisugua kabla hajafundishwa na mtu. Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa maelezo yaliyobadilisha namna ya kufikiri juu ya maumivu: kwamba ndani ya uti wa mgongo habari za mguso na za mkandamizo zinaweza kupunguza habari za maumivu zinazopanda kwenda kwenye ubongo, kama lango linalosukumwa lifungwe. Pamoja na hayo, msuli ukishikwa kwa joto na kwa utulivu hulegea, pumzi hushuka, na hofu ya kusogea hupungua. Hofu hiyo si jambo dogo. Mtu anayeogopa kusogea hukaza misuli zaidi, na iliyokazwa huuma zaidi.

Ukweli unadai kusema pia mikono isichofanya. Haiondoi sumu mwilini, ingawa wengi huuza huduma yao kwa maneno hayo. Kazi hiyo Mungu aliyapa ini na figo. Haiurudishi mgongo wa miaka 60 kuwa wa miaka 20. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno, likikadiria kwamba watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Kukandwa kumetajwa humo miongoni mwa mambo yanayoweza kusaidia, pamoja na mazoezi, elimu na dawa kadhaa. Mikanda ya kiuno, ambayo wazee wengi hununua kwa fedha za shida, haikupendekezwa kwa matumizi ya kawaida. Kwa hiyo mkandaji mwaminifu husema, “Utapata nafuu kidogo, kisha tutembee pamoja.” Asiye mwaminifu huahidi kuponya, na huyo amevunja Amri ya Tisa kwa mikono yake.

Kuna nyakati ambapo upendo ni kutokanda. Mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma kwenye shavu la mguu unaweza kuwa na damu iliyoganda, na kuuchua kunaweza kuisukuma damu hiyo hadi kwenye mapafu. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, kukonda, jasho la usiku, ganzi katikati ya mapaja, miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo, hayo ni ya hospitali, na upesi, iwe Sabato au siku yoyote. Kifua kikuu huweza kushika uti wa mgongo, na wapo waliokandwa miezi mingi huku mfupa ukiliwa. Aliyeanguka na kushukiwa kuvunjika asichuliwe, na tumbo la mjamzito lisibinywe. Hapa mafuta na maombi havipingani na hospitali. Yakobo 5:14 hutumia neno la Kigiriki la kawaida la kupaka mafuta mwilini, na hakuna mstari katika waraka huo unaoyageuza mafuta kuwa bidhaa yenye nguvu zake yenyewe, ya kuuzwa kwa chupa.

Wengine watauliza kama maumivu si shule ya Mungu, na kama kuyaondoa si kumtoa mwanafunzi darasani. Soma Marko 15:23. Yesu alipopewa divai iliyotiwa manemane kabla ya kusulubiwa, aliikataa. Hayo yalikuwa maumivu yake mwenyewe. Katika Injili zote nne hakuna hata mtu mmoja aliyemjia akiumwa akamwambia aendelee kuumwa ili ajifunze. Anayetaka kufundishwa na maumivu na afundishwe na ya kwake, asiwapangie wengine masomo. Nabii Isaya, alipotaka kuonyesha hali mbaya kabisa ya taifa, alichora mwili wenye majeraha ambao hakuna aliyeyakamua, wala kuyafunga, wala kuyalainisha kwa mafuta. Jeraha ni sehemu moja ya aibu ile. Sehemu ya pili ni kwamba hapakuwa na mkono.

Kuhusu mkono huo, Luka ameandika utaratibu ambao ni rahisi kuupita. Yesu alimwona mwanamke, akamwita, akasema naye, ndipo akaweka mikono yake juu yake. Neno lilitangulia mguso, na yote yalifanyika mbele ya watu. Mijini leo neno “masaji” limechafuliwa kiasi kwamba baadhi ya waumini huona aibu hata kulitamka, na aibu hiyo ina sababu zake. Dawa ya uchafu huo ni utaratibu ule wa Luka: anayeumwa aulizwe na akubali, aseme pa kuacha, mlango uwe wazi au mtu wa nyumbani awepo, mwanamke akandwe na mwanamke inapowezekana. Kuacha kabisa kuwagusa wagonjwa na wazee si usafi. Wapo wajane makanisani ambao salamu ya mkono mlangoni siku ya Sabato ndiyo mguso pekee wanaoupata juma zima.

Turudi kwa mama, maana bado yuko kitandani na bado liko jambo gumu kuliko lile la siku. Mgongo wake unauma Sabato kwa sababu ya Ijumaa. Nguo zilizopigwa pasi ndizo wanazovaa wajukuu kanisani asubuhi hii. Chakula kilichopikwa ndicho familia nzima itakachokula bila kuwasha moto. Pumziko la watu 7 limebebwa na kiuno kimoja. Kumbukumbu la Torati 5:14 inawataja mwana, binti, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda na mgeni, na kutoa sababu: ili nao wapumzike kama wewe. Mama wa nyumba hakutajwa kwa jina, kwa kuwa yumo katika lile “wewe”. Katika nyumba nyingi za waumini amehamishwa kimyakimya kutoka katika “wewe” akawekwa upande wa ng'ombe, naye ng'ombe angalau hufunguliwa.

Hapa kukanda kunaweza kugeuka kuwa kitu cha hatari. Kijana anaweza kuvua koti, kumkanda mama kwa dakika 20, akajiona Msamaria mwema, na Ijumaa ijayo ndoo 6 zikamngoja mama yule yule. Mathayo 23:4 inawasema wanaofunga mizigo mizito na kuiweka mabegani mwa watu, nao wenyewe hawataki kuigusa kwa kidole. Isaya 58:6 inataka kamba za nira zilegezwe. Mikono inayojua kulegeza msuli ulio chini ya nira inaweza pia kushika ndoo. Je, nafuu ya muda basi ni unafiki? Hapana. Mama anaumwa sasa, saa 1:30, na mpango wa kugawana kazi za Ijumaa hautamsaidia kusimama asubuhi hii. Amnyweshe kwanza. Lakini kijana akiwa ameweka kiganja juu ya kiuno hicho, ataigusa kwa vidole vyake kazi ya juma zima, fundo kwa fundo, na itakuwa vigumu baadaye kusema hakujua.

Darasa linapojadili jambo hili, litazame pia mahali lilipoketi. Makanisa mengi yana mabenchi yasiyo na egemeo, na ibada ya asubuhi huchukua saa 3 au zaidi. Mama aliyeomba akandwe hakuomba apone. Aliomba aweze kukaa kwenye benchi. Ni wangapi wamebaki nyumbani leo kwa sababu hiyo na kuandikwa katika rejista kuwa hawakuhudhuria? Viti 4 vyenye egemeo vikiwekwa mstari wa mbele upande wa mlango, shemasi anaweza kujua kabla ya ibada ni nani wa kukalia, kama atakwenda kuwauliza Alhamisi.